Ngandja: Mpaka wa msitu umechorwa, baraza la wenyewe bado halijachaguliwa

Mwaka huu wa 2026 Hifadhi ya Ngandja, kusini mwa wilaya ya Fizi, inatimiza miaka 10. Serikali ya jimbo la Kivu Kusini iliitangaza mwaka 2016, mwaka uleule ambao jimbo jirani la Tanganyika, tarehe 21 Desemba, lilitangaza hifadhi ya Kabobo. Ukiziunganisha hizo mbili na hifadhi ya zamani ya Luama, unapata ukanda mmoja wa misitu na mbuga wenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 7,000. Lulimba, kituo cha soko kwenye barabara ya taifa namba 5 kati ya Fizi na Misisi, kiko mlangoni mwa ukanda huo: milima ya msitu upande wa ziwa, uwanda wa Kimbi upande wa pili, na machimbo ya dhahabu mbele kidogo ukishuka kusini.

Miaka 10 inatosha kuuliza maswali. Nani aliamua mpaka wa msitu huu upite wapi? Nani anaamua fedha za eneo hili zijenge nini? Nani anaamua askari wakae wapi ili mama afike sokoni na kurudi salama? Ukiifuata historia ya Ngandja na ya ndugu yake mkubwa, Hifadhi ya Itombwe, jibu linajirudia. Kwa karibu miaka 80 maamuzi yamefanywa mbali, yakaletwa yakiwa yameshatiwa saini. Wenyeji walipoulizwa kwa dhati, ndipo kazi iliposimama imara.

Tuanze na enzi za Wabelgiji. Mwaka 1947 utawala wa kikoloni uliitenga Luama kuwa hifadhi ya uwindaji, ikiitwa kwa jina la mto. Vijiji vilivyokuwa vikiwinda humo tangu mababu vikajikuta vinahitaji ruhusa kufanya jambo lililokuwa haki yao. Uhuru ulikuja mwaka 1960, sheria ikabaki na sura ileile. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ikasema ardhi yote ni mali ya Serikali. Kuhusu mashamba na mapori ya jamii za wenyeji, iliahidi kwamba Rais angetoa amri ya kueleza haki zao. Zaidi ya miaka 40 ilipita bila amri hiyo kutoka. Kizazi kizima cha Wabembe, Babuyu na Batwa kimezaliwa, kimelima na kimezikwa juu ya ardhi ambayo haki yao juu yake ilikuwa ikingojea karatasi.

Kisha vita. Mwaka 1965 uwanda wa Lulimba ulikuwa mstari wa mbele wa maasi ya Simba: jeshi la serikali bondeni, waasi vilimani. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi Aprili mwaka huo, akazunguka mpaka upande huu, na mwezi Novemba akarudi alikotoka akiwa ameshindwa. Mamluki wa Mike Hoare walitua Baraka mwishoni mwa Septemba. Kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila akabaki milimani, akaanzisha chama chake cha PRP mwezi Desemba 1967, na kwa miaka mingi milima ya Fizi ikawa nchi ndani ya nchi. Hayo yameandikwa sana. Kisichosemwa sana ni kwamba, kwa sababu hiyohiyo, watafiti hawakukanyaga msitu wa upande wa ziwa tangu mwaka 1960 hadi 2007.

Sasa tufike kwenye ugomvi wenyewe, kwa kuwa ndani yake limo somo lote.

Tarehe 11 Oktoba 2006 Kongo ilikuwa katikati ya uchaguzi mkuu. Duru ya kwanza ilikuwa imepita mwezi Julai, duru ya pili ilingojewa tarehe 29 Oktoba. Katika wiki hizo, waziri wa mazingira wa serikali ya mpito alitia saini Kinshasa agizo la kuunda Hifadhi ya Asili ya Itombwe. Milima ya Itombwe imetanda juu ya wilaya nne: Mwenga, Fizi, Uvira na Shabunda. Wanasayansi walikuwa wakiihangaikia tangu miaka ya 1950, na kwa haki. Kuna sokwe na masokwe wakubwa, wale wanaoitwa gorila. Kuna vyura na ndege wasioonekana kwingine. Bundi mmoja wa huko alipatikana mwaka 1951, kisha hakuonwa tena na watafiti kwa miaka 45, mpaka alipokamatwa mmoja mwaka 1996. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kusema msitu wa namna hiyo haustahili kulindwa.

Lakini agizo lilitoka bila wenyeji kuulizwa. Kosa hilo halikuwa la adabu tu. Kanuni ya misitu ya nchi, iliyopitishwa tarehe 29 Agosti 2002, ilikuwa imeshasema kwamba kabla msitu haujatangazwa kuwa wa hifadhi ni lazima watu wanaoishi kando yake washauriwe, na baraza la misitu la jimbo litoe maoni yake. Sheria ilikuwa na miaka 4 tu, na tayari imeshavunjwa na waliopewa kazi ya kuisimamia. Ndani ya eneo lililotangazwa kulikuwa na vijiji, mashamba ya mihogo na mahindi, makaburi, malisho ya ng'ombe, na mashimo ya dhahabu. Machifu wa kimila walipata habari kwamba wanaishi ndani ya hifadhi baada ya hifadhi kuwepo.

Mtafiti Deo Kujirakwinja na wenzake wameeleza katika jarida la Oryx mwaka 2019 jinsi ugomvi huo ulivyotatuliwa. Nimeifuata simulizi yao kwa sehemu kubwa hapa, kwa kuwa wao walikuwa uwanjani. Machifu na mashirika ya kiraia walilalamika. Watetezi wa haki za watu walisimama upande mmoja na mashirika ya uhifadhi upande wa pili, kila mmoja akimshuku mwenzake. Wahifadhi waliogopa kwamba ukifungua mjadala wa mipaka, msitu wote utaondoka. Wenyeji waliogopa kwamba ukikaa mezani na mhifadhi, umekwisha kukubali kuhamishwa. Hofu zote mbili zilikuwa na sababu. Mashariki ya Kongo ilikuwa imeshaona Batwa wakitolewa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970, na habari za jambo kama hilo hazihitaji redio ili zifike Itombwe.

Kilichovunja ukuta ni uamuzi wa kufanya kazi kwa kuzunguka kijiji kwa kijiji. Pande zote zilikubali kwamba agizo la 2006 halifai kubaki jinsi lilivyo, na kwamba halifai kutupwa pia. Wenyeji walichora ramani zao wenyewe: hapa tunalima, hapa wazee wamelala, hapa tunawinda, hapa tunachuma dawa, hapa hakuna anayekwenda. Ramani hizo ziliwekwa pamoja na ramani za watafiti zinazoonyesha wanyama wako wapi. Mahali pengi zililingana. Mzee anayejua pori na mtafiti mwenye daftari walikuwa wakisema jambo moja: sehemu ambayo watu hawaiendei ndiyo wanyama waliyoikimbilia. Mahali ambapo hazikulingana, watu walikaa wakazungumza, na wakarudi tena. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, na mchakato huo ulikuwa na wengi kweli.

Kazi ilichukua miaka, si miezi. Jamii moja ilikubali, nyingine ikasita. Vikundi vyenye silaha vilifunga njia, mikutano ikaahirishwa. Mpaka wa kijiji kimoja ulifufua ugomvi wa mpaka na kijiji cha pili, ugomvi wa tangu enzi za mababu ambao hauna uhusiano wowote na sokwe. Mtu aliyezoea kuamua mambo kwa saini moja angeona huo ni upotevu wa muda. Lakini mwaka 2016 gavana wa Kivu Kusini alitia saini mipaka mipya ya Itombwe, kilomita za mraba 5,732, yenye kanda tatu: eneo la ndani lisiloguswa, eneo la matumizi ya pamoja, na eneo la maendeleo ambamo watu wanaendelea na maisha yao. Muda ulikuwa karibu miaka 10 tangu agizo la kwanza. Saini iliyochukua siku moja Kinshasa ilihitaji miaka 10 ya miguu milimani ili iwe na maana.

Somo hilo lilishuka mpaka upande wa Lulimba. Kati ya Januari na Machi 2007 msafara wa watafiti uliingia msitu wa Misotshi-Kabogo, ule unaoanzia ufukwe wa Ziwa Tanganyika na kupanda hadi zaidi ya mita 2,700. Walikuwemo watu wa shirika la uhifadhi la WCS, wa kituo cha utafiti cha Lwiro hapahapa Kivu Kusini, wa jumba la makumbusho la Field la Chicago na wa WWF. Walirudi na habari iliyozunguka dunia mwezi Agosti: aina 6 za wanyama ambazo sayansi haikuzijua, yaani popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Walikuta pia sokwe, nyati, tembo na chui. Walimkuta mbega wa aina ambayo haipatikani popote pengine duniani. Kabla yao, Alexandre Prigogine, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Kongo ya Wabelgiji, alikuwa ameeleza mwaka 1955 ndege mdogo wa mlima Kabobo ambaye hata leo anabeba jina la mlima huo.

Tofauti na Itombwe, safari hii machifu walitafutwa kabla ya karatasi kuandikwa. Watu wachache waliishi ndani ya msitu wenyewe, jambo lililorahisisha mazungumzo. Wenyeji nao walikuwa na sababu yao ya kutaka mpaka. Msitu usio na mwenyewe kisheria ni msitu wa yeyote mwenye msumeno au bunduki, na wanaovamia mara nyingi hawatoki kijijini. Hesabu hiyo kila mkulima wa Fizi anaijua. Ndiyo maana hifadhi za Ngandja na Kabobo zilitangazwa na majimbo, karibu na watu, wala hazikushushwa kutoka Kinshasa. Ni jambo la kujivunia. Wilaya inayotajwa redioni kwa vita tu ilionyesha kwamba inaweza kukaa, kubishana na kukubaliana juu ya ardhi, jambo gumu kuliko yote.

Baada ya saini, hata hivyo, ilitakiwa taasisi ya kuubeba uamuzi huo kila siku. Taasisi hiyo haipo, na hapa ndipo moyo unapouma.

Sheria ya msingi namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema Kongo ina ngazi za utawala zenye madaraka yake na bajeti yake: miji, komini, sekta na tawala za kichifu. Fizi ina sekta 4, nazo ni Lulenge, Mutambala, Ngandja na Tanganyika. Kila sekta ilipaswa kuwa na baraza lililochaguliwa na wananchi. Baraza hilo ndilo lingepitisha bajeti, lingesimamia masoko, barabara ndogo, shule na vituo vya afya, na ndilo lingemchagua mkuu wa sekta na kumwajibisha. Sheria ni nzuri, imeandikwa vizuri, na ina miaka 18 mwaka huu. Mtoto aliyezaliwa ilipotiwa saini sasa ana umri wa kupiga kura, na hajawahi kuona baraza la sekta likichaguliwa. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 ulichagua madiwani wa komini, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Sekta za vijijini ziliambiwa zingoje. Kwa hiyo mkuu wa sekta anateuliwa kutoka juu, na anawajibika kwa aliyemteua.

Matokeo yake yanaonekana kwanza kwenye fedha. Kanuni ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 iligawa mrabaha wa madini wazi kabisa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 sekta au komini ambamo mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mapato yake ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mtu wa Lulimba akisikia asilimia 15 anafikiri zahanati, daraja, madawati. Lakini mrabaha hulipwa na kampuni zinazozalisha chini ya kibali, na dhahabu inayotoka Misisi na mashimo ya jirani huchimbwa na watu kwa mikono, inauzwa mkononi, na inaondoka. Njiani inatozwa na kila mwenye bariyeri, awe na sare au asiwe nayo. Watu wanalipa kodi nyingi. Kinachokosekana ni daftari moja la wazi, na baraza la kulisoma mbele ya wananchi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Msitu unalipia pengo hilo. Wachimbaji wanahitaji magogo ya kushikilia mashimo, wanahitaji mkaa, wanahitaji nyama. Mpaka wa hifadhi uliochorwa kwa mazungumzo unahitaji mtu wa kuukumbusha kila msimu, kusuluhisha aliyevuka kwa njaa na kumshtaki aliyevuka kwa biashara. Idara ya hifadhi za taifa, ICCN, haiwezi kuifanya kazi hiyo peke yake kwa askari wachache. Baraza lingeiweza. Sheria hata imefungua mlango mwingine: amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake kwa hati, hadi hekta 50,000, iutunze na kunufaika nao. Vijiji vinavyopakana na Ngandja vingeweza kuwa na misitu yao halali kando ya hifadhi, ikawa kinga ya hifadhi yenyewe. Maombi ya namna hiyo yanataka ramani, mikutano, mihuri na nauli za kwenda ofisi za jimbo. Bila sekta yenye nguvu nyuma yake, kijiji kinachoka njiani.

Usalama nao umefuata njia hiyohiyo. Tangu miaka ya 2000 milima ya Fizi imekuwa makao ya wapiganaji wa Mai-Mai, akiwemo William Amuri Yakutumba, ambaye wapiganaji wake walifika mpaka Uvira mwezi Septemba 2017. Mapigano ya nyanda za juu yamewafukuza Wabembe, Banyamulenge, Bafuliiru na Banyindu, kila mmoja kwa zamu yake na wakati mwingine wote pamoja. Suala la komini ya Minembwe, iliyozinduliwa tarehe 28 Septemba 2020 na kufutwa na Rais Félix Tshisekedi siku 10 baadaye, lilionyesha jinsi karatasi ya utawala isiyozungumzwa na wote inavyoweza kuwasha moto. Mwishoni mwa mwaka huohuo Madaktari Wasio na Mipaka walifunga kazi zao Fizi baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa mara kadhaa. Mama wa ukanda wa Kimbi aliyekuwa akimpeleka mtoto mwenye malaria bila malipo alipoteza msaada huo kwa sababu hakuna aliyeweza kuhakikisha njia.

Mwezi Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya jimbo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Mwezi Desemba vita vikafika Uvira pia, na maelfu ya watu wakakimbilia kusini, Baraka na Fizi. Ofisi zilizotia saini Ngandja na Itombwe hazipo tena zilipokuwa. Watu na msitu wapo palepale. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutaka maamuzi yakae karibu na wenyeji: serikali ya juu inaweza kukimbia, kijiji kikikimbia kinarudi.

Najua watakaosema kwamba vita si wakati wa kuzungumza mabaraza na vyura. Itombwe inawajibu. Mipaka ile ilizungumzwa katikati ya vikundi vyenye silaha, na watu wa kabila hili na lile, wenye kila sababu ya kutoaminiana, walikaa chini ya mti mmoja kwa sababu kila mmoja alijua shamba lake limo katika mazungumzo. Mazungumzo juu ya ardhi ni sehemu ya amani. Kuyaahirisha mpaka amani ije ni kuiahirisha amani yenyewe.

Kwa hiyo madai ya miaka 10 ya Ngandja ni machache na yanawezekana. Tume ya uchaguzi itangaze tarehe ya uchaguzi wa mabaraza ya sekta, na Fizi isiwe ya mwisho katika orodha. Jimbo liweke ramani ya hifadhi, kwa Kiswahili na Kibembe, katika kila kijiji kilichoshiriki kuichora, ili asiwepo mtu wa kuisogeza usiku. Mkuu wa sekta, hata kabla ya baraza kuchaguliwa, asome mbele ya watu wa Lulimba, Misisi na Nyange kila faranga inayotozwa sokoni na kwenye machimbo, na imekwenda wapi. Na jeshi na polisi wakae na wenyeji kupanga ulinzi wa njia za soko na za hospitali, kwa kuwa wenyeji ndio wanaojua ni kona gani mtu anavamiwa. Watu hawa walishaaminiwa mara moja kuamua juu ya msitu ambao dunia nzima inautazama, wakaamua vizuri. Wanastahili kuaminiwa na bajeti ya soko lao.